Kivuli cha Nani?

Pale Komanda neno "radio" lina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana kote: ni chombo kinachotuletea habari za Bunia, Kinshasa na dunia. Ya pili ni ya hospitali. Mtu akikwambia "banamupiga radio", hana maana ya kwamba jina la mgonjwa limetangazwa hewani. Ana maana kwamba mgonjwa amevua shati, amesimama mbele ya mashine, ameambiwa avute pumzi na kuishika, na kifua chake kimepigwa picha. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi husema eksirei, kwa sababu neno liliwafikia kwa njia ya Kiingereza. Sisi lilitufikia kwa Kifaransa, likiwa limekwisha kukatwa mkia.

Komanda ni mji wa njiapanda. Barabara inayotoka Beni inafika hapo na kugawanyika: mkono mmoja unakwenda Bunia, yapata kilomita 75, na mwingine unaingia msituni kuelekea Mambasa na Kisangani. Mji wa namna hiyo hauwezi kuwa na lugha moja. Nyumbani watu wanasema Kibira, Kilese, Kingiti, Kinande na nyingine. Askari wanakuja na Kilingala. Sokoni, kanisani na kwenye kituo cha pikipiki tunakutana katika Kiswahili chetu cha Ituri. Karatasi, hata hivyo, huandikwa kwa Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 imeipanga hali hiyo waziwazi: Kifaransa ni lugha rasmi, nacho Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Hospitalini mpaka huo unapita katikati ya kitanda. Mgonjwa yuko upande mmoja, karatasi yake iko upande wa pili.

Nataka kuzungumzia karatasi moja tu: ile anayoiandika daktari wa picha.

Wengi wanadhani daktari huyo ndiye anayepiga picha. Sivyo. Picha hupigwa na fundi wa mashine. Daktari wa picha anaisoma, kisha anaandika, na kinachotoka mikononi mwake ni sentensi. Ndiyo maana naona kazi yake inatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko tunavyofikiri. Daktari anayemtibu mgonjwa huanza kwa kujaza fomu ya maombi, ambayo kwa kweli ni swali. Mara nyingi swali lenyewe ni neno moja, "kikohozi" au "maumivu". Daktari wa picha hujibu kwa mpangilio usiobadilika: kwanza namna picha ilivyopigwa, halafu kilichoonekana, mwisho hitimisho la mstari mmoja au miwili. Anayepokea ripoti huruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho.

Katika hitimisho hilo mna vitenzi vya tahadhari ambavyo mwanafunzi wa semantiki angevifurahia. Kuna "inafanana na", kuna "inaelekea kuwa", kuna "haiwezekani kukataa kwamba". Kila kimoja kina uzito wake, na daktari mzoefu hakibadilishi kwa kingine ili kupamba lugha. Kuna pia ile sentensi inayofunga ripoti nyingi: picha ilinganishwe na hali ya mgonjwa. Maana yake ni kwamba mimi nimeona picha, wewe unamwona mtu, basi usiniachie peke yangu uamuzi.

Kiswahili hakikosi njia za kusema hayo yote. Tuna "huenda", tuna "yaelekea", tuna "-nge-" na "-ngali-". Tatizo ni kwamba ripoti haiandikwi kwa Kiswahili, na kazi ya kuigeuza haijapewa mtu. Anaifanya yeyote aliye karibu: muuguzi anayekimbilia kitanda kingine, mlinzi aliyesoma kidogo, mtoto wa jirani aliyefika darasa la sita. Nimeona jinsi "inafanana na" inavyogeuka kuwa "iko" katika umbali wa hatua kumi za baraza.

Mama yangu mdogo ni mkulima wa muhogo na mpunga. Alikohoa miezi mitatu kabla hajakubali kwenda kupigwa radio. Nilikuwa mbali, chuoni, na habari zilinifikia kwa simu. Katika kituo alichopimwa, mtu aliyempa karatasi aliitazama, akamwambia hivi: "Mama, kuko kivuli mu kifua yako." Kisha akaita jina la mgonjwa mwingine.

Jioni ile ukoo ulikaa. Mjomba, kaka yao mkubwa, aliuliza swali lililokuwa la lazima kwa mtu yeyote anayekijua Kiswahili: "Kivuli ya nani?"

Tulitazame swali hilo kwa heshima inayostahili. Katika lugha yetu kivuli hakielei hewani. Ni cha mti, ni cha nyumba, ni cha mtu. Wazee huzungumza pia juu ya vivuli vya marehemu, na hawasemi kwa mzaha. Ukisema kuna kivuli ndani ya kifua cha mwanamke, umetamka nusu ya sentensi, na msikilizaji ataikamilisha mwenyewe. Familia yetu ilikuwa na la kukamilishia. Mwaka uliotangulia, jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba alikuwa amefariki kabla ya kupatana. Hakuna aliyelitaja jina lake usiku ule, na hakuna aliyehitaji kulitaja.

Mama mdogo akapelekwa kwenye chumba cha maombi. Alikaa huko wiki tano, akifunga na kuombewa, akilala kwenye mkeka mmoja na mjukuu wake wa miaka minne ambaye hakukubali kuachwa. Karatasi ilibaki imekunjwa ndani ya Biblia. Nilipofika likizo niliisoma. Katika mstari wa mwisho daktari wa picha alikuwa ameandika, kwa Kifaransa safi, kwamba picha inafanana na kifua kikuu, na kwamba makohozi yapimwe. Yaani jibu lilikuwamo nyumbani siku zote thelathini na tano, katika lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeweza kuisoma.

Neno lililotafsiriwa kuwa kivuli ni "opacité". Mwenye kutafsiri hakuwa mjinga. Mbele ya taa, kitu kisichopitisha mwanga kinatoa kivuli, na ndivyo miale hii ilivyoonekana tangu mwanzo. Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua huko Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895, aliona kwamba inapenya nyama lakini mifupa inaizuia, na kwenye ubao unaong'aa mifupa ikaonekana myeusi. Baadaye filamu ikageuza rangi: mahali miale ilipofika pakawa peusi, mahali ilipozuiwa pakabaki peupe. Rangi ziligeuka, lakini msamiati haukugeuka. Mpaka leo daktari anayesoma kwa Kifaransa huita weupe "opacité", na weusi wa hewa ndani ya mapafu huuita "clarté", yaani uangavu. Kwa hiyo kile kivuli kilichomtisha mjomba, kwenye filamu yenyewe, kilikuwa doa jeupe.

Si neno hilo pekee. Matokeo yakiwa "négatif", mgonjwa anasikia kwamba ni mabaya, na anaanza kulia pale anapopaswa kushukuru. Ripoti ikisema hakuna cha kutajwa, mfasiri wa barazani anasema "habaone kitu", naye mgonjwa anaelewa kwamba mashine imeshindwa au maumivu yake yamedharauliwa. Hata kulia na kushoto kuna mtego: picha ya kifua huwekwa kana kwamba mgonjwa amesimama akikutazama, hivyo mkono wake wa kuume uko upande wa kushoto wa anayetazama. Ndugu anayeinua filamu kwenye jua ili aone mwenyewe anaweza kumhurumia ndugu yake upande usiouma.

Siku chache baada ya mimi kufika, mama mdogo alitema damu. Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema twende. Makohozi yalipimwa Komanda, na daktari akataka picha nyingine pamoja na eko, kwa kuwa alihisi kuna maji pembeni ya pafu. Mashine ya karibu ilikuwa haina umeme wiki ile. Tukapanda gari la Bunia.

Ni kwenye eko ndipo daktari wa picha analazimika kuwa na sauti. Kwa radio ya kifua anaweza kumaliza kazi bila kumwona mwenye kifua. Kwa eko ameshika kidude chenye mafuta ya baridi, yuko kwenye ubavu wa mtu, na lazima aseme: vuta pumzi, ishike, achilia. Yule wa Bunia alisema kwa Kiswahili cha huku kwetu, bila haraka. Alipomaliza, mama mdogo akajikusanya, akamuuliza moja kwa moja kama kile kivuli bado kipo.

Daktari hakucheka. Aliuliza nani alimwambia kivuli. Kisha akageuza skrini ili aione, akaweka kidole. "Mama, ile ni kidonda. Iko ndani, mukono haifiki, lakini dawa inafika."

"Ni ya nani?" akauliza mama mdogo.

"Ni yako, mama. Hakuna mutu aliituma. Inaingia na mupepe tu, mutu akikohoa."

Nimezipima sentensi hizo mara nyingi tangu siku hiyo. Kidonda si tafsiri ya "opacité". Mwalimu wa tafsiri angeweza kuikosoa, kwa kuwa neno la asili linaeleza sura ya picha, na kidonda kinaeleza ugonjwa. Lakini kidonda ni kitu ambacho kila mkulima amewahi kuwa nacho mguuni. Kina mwanzo, kinauma, kinaoshwa, kinafunga. Hakimhitaji mwenyewe mwingine. Daktari aliruka neno akafuata jambo, na alikuwa na haki ya kuruka kwa sababu matokeo ya makohozi yalikuwa mezani pake. Kama yangekuwa bado, nadhani angesema kwa tahadhari zaidi. Namna alivyochagua neno lake kwa kadiri ya uhakika aliokuwa nao ndiyo elimu niliyotoka nayo pale.

Tulipokuwa tukingoja karatasi, alinieleza siku yake. Asubuhi yuko katika hospitali hiyo. Mchana yuko katika kliniki ya mtu binafsi. Siku mbili kwa wiki anakwenda kwenye hospitali ya kanisa. Usiku anasoma picha zinazotumwa kwa simu na madaktari wa vijijini ambao hawana mtu wa kuwasomea. Mtu huinua filamu kwenye dirisha, mwingine anaipiga kwa simu, na picha inafika Bunia pamoja na vidole vya aliyeishika, nondo za dirisha na tawi la mwembe ulio nje. "Kuna hospitali nazijua kwa madirisha yake tu," aliniambia. "Sijawahi kufika."

Kwetu swali la kwanza juu ya daktari ni hili: ni wa hospitali gani? Tunauliza hivyo kwa sababu hospitali ina mwenyewe. Kuna za serikali, kuna za Wakatoliki, kuna za Waprotestanti, kuna za watu binafsi, na mgonjwa huchagua kwa kufuata imani, bei na mahali ndugu yake alipopona. Kwa daktari wa picha swali hilo halina jibu moja. Wataalamu wa namna yake ni wachache, kwa hiyo ni wa hospitali nne, au ni wa barabara nzima. Jina lake liko chini ya ripoti za watu wasiomjua, juu ya mihuri tofauti.

Ituri ilikwisha kujifunza kwa uchungu kwamba hospitali si jengo. Ukitoka Komanda kwenda Bunia utapita Marabo, na si mbali na hapo ni Nyankunde, kilipo Kituo cha Tiba cha Kiinjili kilichojengwa kwa ushirikiano wa makanisa na misheni kadhaa. Kilikuwa hospitali kubwa ya rufaa ambayo watu waliifuata kutoka mbali. Tarehe 5 Septemba 2002 kilishambuliwa. Watu waliuawa kwa mamia, wagonjwa wakiwamo, na vifaa vikaporwa. Wafanyakazi waliookoka walitembea kuelekea Oicha na Beni, na huko wakaanza tena kutibu. Baadaye kazi ilirudi Nyankunde polepole. Kilichobebwa msituni hakikuwa mashine. Kilikuwa ujuzi uliomo ndani ya watu, na huo ndio unaomfanya daktari mmoja kuwa wa mahali pengi.

Komanda nayo ina siku zake. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waasi wa ADF walivamia kanisa la Katoliki ambamo waumini walikuwa wamekusanyika, wakaua watu zaidi ya 40. Barabara zinapofungwa namna hiyo, picha ya simu inafika mahali ambapo mgonjwa hawezi kufika. Sidharau hata kidogo tawi la mwembe kwenye filamu. Lakini kadiri picha inavyosafiri bila mtu, ndivyo sentensi inayorudi inavyopaswa kubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa hakutakuwa na eko, wala skrini ya kugeuza, wala mtu wa kuulizwa "ni ya nani?".

Na sasa kuna msomaji mwingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zinaweza kusoma picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea katika kutafuta kifua kikuu. Programu hutoa namba, na namba ikivuka kiwango kilichowekwa, mtu anapelekwa kupimwa makohozi. Mahali pasipo na daktari wa picha, hilo ni jambo la kupokea kwa mikono miwili. Ila namba nayo itapita barazani. Mtu fulani atamtazama mama fulani na kuisema kwa Kiswahili, na tusipokuwa tumefikiria mapema, atasema "kompyuta inaona kivuli".

Mama mdogo alimeza dawa miezi sita, nazo hutolewa bure. Amepona, na amerudi shambani. Walipopima watu wa nyumbani, mjukuu wake alikutwa naye ana ugonjwa. Alitibiwa, amepona pia, lakini alidhoofika sana kabla ya kuanza kuinuka. Hakuna anayeweza kuapa kwamba aliupata katika zile wiki tano. Mimi huzihesabu tu: usiku thelathini na tano, mkeka mmoja.

Wakati mwingine darasani tunaulizana Kiswahili cha sayansi kitatoka wapi. Jibu la kawaida ni kwamba tuunde istilahi, na kazi hiyo imefanywa kwa bidii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa hata Kamusi ya Tiba. Nawaheshimu walioifanya. Lakini kamusi inampa daktari neno la kumwambia daktari mwenzake. Kinachokosekana kati ya Bunia na Komanda ni mstari mmoja chini ya ripoti, kwa Kiswahili cha mahali, ambao yeyote atakayeishika karatasi anaweza kuusoma kwa sauti bila kuongeza wala kupunguza. Mstari huo useme nini kimeonekana, kwa uhakika wa kiasi gani, na mgonjwa afanye nini kesho asubuhi.

Hitimisho za picha za kifua si nyingi mno. Nyingi zinajirudia, na daktari wa Bunia aliniambia kwamba yeye hutumia sentensi zilezile kila siku. Nadhani orodha ya sentensi thelathini ingetosha kwa kuanzia. Tungeziandika pamoja na madaktari na wauguzi, kwa Kiswahili cha Ituri kama kinavyosemwa, si kama tungependa kisemwe. Kisha tungezijaribu kwa njia rahisi. Tumsomee sentensi mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali, halafu tumwombe atueleze kwa maneno yake ameelewa nini na atafanya nini. Akiuliza "ya nani?", tuivunje sentensi, tuanze upya.

Nimezungumza na wenzangu wawili wa mwaka wa tatu, mmoja wa Mambasa na mmoja wa Aru. Tumekwisha kuandika kumi na moja. Ya nne inatusumbua: bado hatujapata namna ya kusema "haiwezekani kukataa" bila kumnyima mtu usingizi. Mwenye wazo atuletee.